Mwarobaini au mshubiri? Mwongozo wa kupanda uani, kwa hali ya Tabora

Mwezi uliopita shemeji yangu alinipigia simu kutoka Isevya. Amehamia nyumba nyingine, ua ni mchanga mtupu, jua linawaka tangu saa mbili asubuhi, na anataka kupanda kitu chenye dawa. "Shemeji, nipande mwarobaini au mshubiri?" Nikamuuliza, "Nyumba ni yenu au mmepanga?" Akacheka, akidhani nakwepa swali.

Sikuwa nakwepa. Mshubiri ni mmea wa mpangaji. Siku mwenye nyumba akipandisha kodi, unaung'oa na mizizi yake, unautia kwenye kiroba, unaupakia kwenye guta pamoja na godoro na masufuria, na ukiupanda ua mwingine unashika bila kinyongo. Mwarobaini ni mti wa mwenye kiwanja. Ukifikisha miaka mitatu haumfuati mtu tena, na kivuli chake anakikalia yule anayebaki.

Nimepanda yote miwili na nimeiua yote miwili, kwa hiyo mengi ya humu nimejifunza kwa ile iliyokufa.

Wageni wawili wachungu

Hakuna kati yake uliozaliwa huku Unyamwezini. Mwarobaini asili yake ni India na Burma, na ni wa ukoo mmoja na mkangazi. Mshubiri ule unaouzwa kwa jina la aloe vera unatoka upande wa Uarabuni. Vyote vimekaa nasi muda mrefu hadi vikapata majina ya Kiswahili yanayosema sifa zake. Mwarobaini unasifiwa kwamba unatibu maradhi arobaini, ingawa sijawahi kukutana na mtu aliyeweza kuyataja yote hadi mwisho. Shubiri ni ule utomvu wa njano unaotoka jani linapokatwa, na mtu akionja kitu kibaya anasema ni kichungu kama shubiri.

Uchungu wao haufanani kazi. Wa mwarobaini upo kwenye majani, magome na zaidi kwenye mbegu, na kazi yake kubwa bustanini ni kuwakataza wadudu kula. Wa mshubiri upo kwenye ule utomvu wa njano chini ya ganda, na ukimezwa unaharisha. Kile tunachokipaka kwenye ngozi ni kitu kingine kabisa, ute mweupe unaoteleza ulio ndani ya jani, na huo hauna uchungu wa kutisha.

Kwa umbo ndiyo usiseme. Mwarobaini unakwenda mita 15 hadi 20 kwenda juu ukiachiwa, na matawi yake yanatanuka karibu sawa na urefu huo. Mshubiri ukishamaliza kukua unakufika gotini, labda pajani.

Halafu kuna suala la kijani. Kiangazi cha Tabora kinaanza Mei na kinaisha mvua za Novemba zinapoanguka. Ikifika Julai na Agosti miti mingi ya porini imepukutisha majani, na miyombo inasubiri Septemba ndipo itoe majani mapya mekundu hata kabla ya tone la mvua. Mwarobaini unakaa na kijani chake. Ukame ukizidi unaangusha sehemu ya majani, mwaka mbaya hata mengi, lakini haukawii kuchipua. Ndiyo maana nasema ni mti wa kivuli kwanza na wa dawa baadaye.

Mtu ataniuliza, mbona usiseme mwembe, nao ni kijani mwaka mzima, na mji huu umejaa miembe tangu enzi za misafara ya kwenda Ujiji? Nakubali, mwembe ni mzuri. Ila mwembe wenye maembe ukiwa karibu na bati una maana ya mawe juu ya bati kuanzia Novemba. Watoto wa jirani hawatupii mawe mwarobaini.

Hatua ya kwanza: pima ua kabla hujashika jembe

Chukua futi kamba, au hesabu hatua ndefu ukikosa. Mwarobaini uwe mita 6 au zaidi kutoka ukutani, na mita 10 au zaidi kutoka shimo la choo, kisima na tangi la kuchimbia. Tazama na juu pia. Nyaya za umeme zikipita hapo, tafuta pengine, la sivyo kila mwaka utakuja kukatiwa mti nusu kichwa.

Wa kwanza wangu niliupanda hatua mbili kutoka kwenye karo la choo. Nilifikiri nimepiga akili, maana hapo palikuwa na unyevu hata mwezi wa Septemba. Ulinawiri kweli, majirani wakawa wanakuja kuomba majani. Mwaka wa sita mfuniko wa zege ukapata ufa, na fundi aliyeshuka akatoa mizizi minene kama mkono wa mtoto. Tukaukata. Kisiki kikachipua, tukakata tena, kikachipua tena. Mwarobaini ukikatwa haukati tamaa, kwa hiyo kosa la mahali unalilipa mara nyingi.

Ua ukiwa hauna hizo mita, umeshapata jibu: panda mshubiri na ufanye mambo mengine.

Ukiwa nazo, upande gani? Tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba, wakati joto limepanda kuliko miezi yote, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa na kivuli cha mti kinaangukia shinani mwake. Hapo mti hauisaidii nyumba. Kinachochoma chumba ni jua la saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni, linalopiga ukuta wa magharibi. Kwa hiyo weka mwarobaini magharibi ya nyumba. Nimeona watu wengi wanaupanda mbele ya mlango kwa sababu unapendeza hapo, halafu chumba cha kulala kinabaki tanuri.

Mshubiri unataka jua la kutosha, nusu siku au zaidi. Ukipigwa na jua kali mchana kutwa na maji hakuna, majani yanageuka rangi ya kahawia yenye wekundu. Hiyo si ajali. Unajikinga, na ukipata maji unarudi kijani.

Sasa udongo. Chimba shimo la sentimita 50 kwenda chini, jaza maji, yaache yazame, kisha jaza tena. Maji ya mara ya pili yakizama ndani ya saa chache, mimea yote miwili itakaa. Yakikutwa bado yamesimama asubuhi ya pili, acha. Sehemu kubwa ya mji ni kichanga, kwa hiyo wengi watafaulu jaribio hili bila shida. Tatizo ni walio chini karibu na mabonde ya mpunga, penye mfinyanzi mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kunata masika. Mwarobaini hauvumilii mizizi kukaa majini. Kwa mshubiri unaweza kuinua tuta la sentimita 30 lenye mchanga na kokoto, ukanusurika.

Hatua ya pili: hakikisha unachouziwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makosa yake hayaonekani hadi miaka miwili ipite.

Mwarobaini una ndugu anayefanana nao, melia. Miche yake ikiwa kwenye kiriba, mtu asiyejua anaichukua kwa furaha. Shika jani moja zima, tangu linapotoka kwenye tawi hadi ncha. Jani la mwarobaini lina uti mmoja, na vijani vidogo vimepangwa kushoto na kulia kama mbavu za samaki, vyembamba, vyenye meno pembeni kama msumeno, na kila kimoja kimepinda kama mundu mdogo. Ukitazama mahali kijani kinapoanzia, upande mmoja unateremka chini kuliko mwingine. Jani la melia uti wake unatoa viuti vingine pembeni, na vijani viko kwenye hivyo viuti. Yaani mwarobaini umegawanyika mara moja, melia mara mbili.

Ukikuta mti mkubwa ni rahisi zaidi. Maua ya mwarobaini ni meupe, madogo, na yananukia kama asali. Ya melia yana rangi ya zambarau. Melia hupukutisha majani yote, kivuli kinakutoroka wakati unakihitaji. Na jambo kubwa kuliko hayo yote ni kwamba matunda ya melia ni sumu kwa mtu na kwa nguruwe. Hutaki mtoto wa miaka mitatu akiokota njugu za njano chini ya mti ambao uliambiwa ni dawa.

Mshubiri nao una jamaa wa porini. Hapa kwetu mwituni kuna mishubiri ya aina nyingi, baadhi ina madoa meupe kwenye majani hata ikizeeka, na mingi ina maua mekundu au ya rangi ya chungwa. Aloe vera ina majani ya kijani kilichofifia kama kimepakwa majivu, meno madogo meupe pembeni, madoa huwa nayo ikiwa changa na hupotea inapokua, na ua lake ni la njano. Mishubiri ya porini mingine haidhuru, mingine ina sumu, na kwa macho tu hutajua. Ipande kwa maua ukipenda, ndege chozi wanaipenda sana, lakini usiile wala usiipake. Na usiing'oe porini kwa ajili ya kuuza. Biashara ya kimataifa ya mishubiri yote ya porini inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na aloe vera ya kupandwa ndiyo iliyoachwa nje.

Hatua ya tatu: mwarobaini kutoka mbegu hadi shimoni

Unaweza kununua mche, lakini mbegu haina gharama ikiwa jirani ana mti. Sharti ni moja tu: iwe mbichi. Mbegu ya mwarobaini inakufa haraka kuliko mbegu nyingi unazozijua. Wiki mbili tatu baada ya kuvunwa imeanza kupoteza nguvu, na miezi ikipita unapanda maganda. Mimi niliwahi kununua kikopo kizima sokoni, muuzaji akaapa kwamba ni za juzi. Katika viriba 60 ikaota mitatu.

Okota matunda yaliyogeuka njano, yale yaliyoanguka usiku wa jana. Yapikiche ndani ya ndoo ya maji kwa mikono hadi nyama yake itoke, maana ikibaki inaoza na mbegu. Suuza, mwaga zinazoelea, anika kivulini siku moja au mbili, panda.

Kiriba ujaze udongo wa juu makoleo matatu, samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri koleo moja, mchanga koleo moja. Chomeka mbegu ikiwa imelala, sentimita moja tu kwenda chini. Mwagilia kwa keni yenye matundu madogo, weka chini ya kichanja cha nyasi. Mbegu nzuri inachomoza ndani ya wiki moja hadi tatu. Mche ukifikisha sentimita 30 na ukiwa na miezi mitatu au zaidi, anza kuondoa nyasi za kichanja kidogo kidogo ili uzoee jua.

Shimo lichimbwe mapema, Oktoba, lenye sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu uweke kushoto, wa chini kulia. Panda mvua ikishaloweka ardhi, mwishoni mwa Novemba au Desemba, usidanganywe na ile mvua ya kwanza ya vumbi. Rudisha kwanza udongo wa juu uliochanganywa na ndoo moja ya samadi. Chana kiriba kwa wembe, usikivute, kwa sababu mzizi mkuu wa mwarobaini ukikunjwa au kukatwa mche unadumaa. Mstari wa udongo wa kiriba uwe sawa na wa ardhi.

Mchwa tunao wengi, hilo kila mwana Tabora analijua. Mwarobaini mkubwa hawaugusi, hata mbao zake zinawashinda. Mche uliochoka ni habari nyingine. Usitie nyasi kavu wala samadi mbichi ndani ya shimo, ni kuwaita mchwa chakulani. Matandazo yaweke juu, na yaache nafasi ya kiganja kuzunguka shina.

Na mbuzi. Watu husema mwarobaini ni mchungu, mbuzi hali. Mbuzi wa mtaani kwetu hawajaambiwa. Zungushia miiba au matete mpaka mti upite kichwa cha mtu.

Hatua ya nne: mshubiri

Hii ni fupi kwa sababu ni rahisi. Mshubiri mkubwa huzaa watoto shinani. Chagua mwenye urefu wa sentimita 10 hadi 15 na majani manne au zaidi. Fukua kwa vidole, mkate na kisu safi akiwa na mizizi yake.

Halafu usimpande. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mlaze kivulini siku mbili tatu hadi kidonda kikauke na kuwa kigumu kama ngozi. Ukimpanda na kidonda kibichi anaoza kuanzia chini, na unagundua siku unapomgusa anabaki mkononi.

Udongo uwe nusu mchanga mkavu wa mtoni, nusu udongo wa kawaida, na samadi kiganja kimoja tu. Mche na mche viachane sentimita 45 hadi 60. Ukipanda kwenye chombo, beseni lililopasuka linafaa kuliko zima, kwa sababu maji yanapita. Likiwa zima litoboe. Usimwagilie wiki ya kwanza. Baada ya hapo, loweka vizuri, kisha acha udongo ukauke kabisa kabla ya kuloweka tena.

Masika ndiyo adui wake mkuu huku, siyo kiangazi. Kuanzia Desemba hadi Machi mshubiri wa kwenye chombo uhamishie chini ya upenu, lakini usiwe pale matone ya bati yanapoangukia.

Hatua ya tano: kiangazi cha kwanza

Mche wa mwarobaini uliopandwa Desemba unakutana na Mei ukiwa na miezi mitano tu, mbele yake kuna karibu nusu mwaka bila mvua ya maana. Hapa ndipo inapokufa mingi. Mpe lita 10 mara mbili kwa wiki, jioni. Kama maji ya bomba ni ya kuvizia, fukia chungu cha udongo ambacho hakijapakwa rangi sentimita 30 kutoka shinani, kijaze, kifunike na kigae. Maji yanavuja polepole chini ambako jua haliyafikii, na wewe unajaza mara moja kwa wiki. Dumu la plastiki lililotobolewa kwa sindano ya moto linafanya kazi hiyo pia, ila matundu yake huziba.

Mwaka wa pili punguza. Mwaka wa tatu acha kabisa, mizizi imeshafika inakojua yenyewe. Mti huu unaishi hata penye mvua ya milimita 400 kwa mwaka, na sisi tunapata zaidi ya maradufu yake.

Mshubiri kiangazi mpe maji kila baada ya wiki mbili au tatu. Jani likiwa limenywea na kukunja kingo kwa ndani, lina kiu. Likiwa laini, la njano na lenye majimaji, umelizamisha. Mtu mwenye huruma nyingi hafai kufuga mshubiri.

Hatua ya sita: kuvuna na kutumia

Mshubiri unaanza kuvunwa baada ya miezi 8 hadi 12. Kata majani ya nje, ya chini, mawili au matatu tu kwa mara moja, usiguse ya katikati. Simamisha jani ndani ya kikombe, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika 10 hadi 15. Utaona utomvu wa njano unateremka taratibu, unanata, unanuka kama kitunguu kilicholala. Hiyo ndiyo shubiri yenyewe. Imwage. Osha jani, kata meno ya pembeni, chana ganda la juu, na kwangua ute mweupe kwa kijiko. Paka kwenye ngozi iliyoungua na jua au kujikwaruza kidogo, baada ya kujaribu tone moja ndani ya mkono na kusubiri siku moja uone kama hutavimba. Moto uliochubua ngozi kwa kina ni wa hospitali. Kwanza upitishie maji safi ya baridi kwa dakika 20, usiupake kitu.

Mwarobaini unakudai subira. Utatoa maua ukiwa na miaka mitatu hadi mitano, na matunda ya kutosha karibu mwaka wa kumi. Majani utayapata mapema, ila nguvu ya kufukuza wadudu iko zaidi kwenye mbegu.

Dawa ya bustani ya mbegu inatengenezwa hivi. Mbegu zilizooshwa zianike kivulini hadi zikauke, zenye ukungu zitupe. Hifadhi kwenye kapu au gunia linalopitisha hewa, si kwenye plastiki. Siku ya kutumia, twanga nusu kilo ya kiini kwenye kinu, kisha kinu hicho kisirudi kutwanga chakula. Funga unga ndani ya kitambaa, tumbukiza kwenye lita 10 za maji, acha yalale usiku kucha. Asubuhi kamua, chuja kwa kanga kuukuu, ongeza sabuni kidogo ya kipande ili dawa ishike kwenye majani. Pulizia jioni ya siku hiyo hiyo, chini ya majani zaidi kuliko juu, kwa sababu jua linaiharibu dawa hii na kwa sababu jioni nyuki wamerudi mizingani. Mkoa unaoishi kwa asali haupaswi kukumbushwa hilo mara mbili. Rudia baada ya siku 7.

Ukiwa huna mbegu, ponda kilo moja ya majani mabichi kwa lita 5 za maji na fuata njia ile ile. Ni dhaifu kidogo.

Usitegemee kuona vidukari wameanguka saa hiyo hiyo. Dawa hii inawaharibia hamu ya kula na inavuruga kukua kwao, kwa hiyo siku tatu za kwanza utadhani umepoteza muda. Bustani yangu ya chainizi na sukuma wiki naipima siku ya tano, kwa kugeuza majani kumi na kuhesabu.

Mahali pa kusimama

Dada mmoja wa mtaani alinisimulia alivyomwachisha mwanawe ziwa kwa kupaka shubiri. Ni jambo la zamani, wengi tumeachishwa hivyo. Lakini ule utomvu unaharisha mtu mzima, sembuse mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Kama ni lazima uchungu uwepo, si huo. Wajawazito na wanaonyonyesha wasimeze shubiri kabisa.

Mafuta ya mwarobaini hayanyweshwi mtoto, hata matone. Kuna watoto wachanga waliopata degedege na kuharibika ini baada ya kupewa. Mjamzito, na hata anayetafuta mimba, asinywe dawa za mwarobaini, maana zinaweza kuzuia au kuharibu mimba.

Na homa. Tabora malaria ipo, na najua wazee wanaochemsha majani na kujifukiza. Bibi yangu alikuwa mmoja wao. Siku niliyomwamkia nikamkuta ametandika sufuria chini ya blanketi, nikamwambia, "Shikamoo bibi. Twende kwanza ukapimwe." Akanijibu kutoka ndani ya mvuke, "Marahaba. Nikimaliza hii, mjukuu wangu." Tulikwenda akiwa bado analoa jasho. Kipimo kikaonyesha malaria, akapewa dawa mseto, akazimaliza. Mpaka leo anasema ni mwarobaini uliomponya. Sina ugomvi naye, mradi alimeza vidonge vyote.

Unaweza kuwa na vyote?

Unaweza, ila usiweke mshubiri chini ya mwarobaini. Niliona ua mmoja pale Ipuli, mwenyewe kaupamba kwa duara la mishubiri kulizunguka shina. Mwaka wa kwanza palipendeza. Kivuli kilipofunga, mishubiri ikarefuka, ikawa myembamba na kulala chini kama vitunguu vilivyokosa maji. Weka mshubiri nje ya mahali matawi yatakapofika, upande wa kaskazini au mashariki, na hesabu matawi ya miaka kumi ijayo, siyo ya leo.

Kitu kingine, fagia matunda ya mwarobaini kila msimu. Ndege na popo wanayapenda na wanapeleka mbegu mbali. Kule pwani, ndani ya hifadhi ya Saadani, mti huu umeenea hadi umekuwa kero kwa mimea ya asili. Uani, miche inayojiotea ing'oe ikiwa bado na majani manne. Ikikaa mwaka utahitaji sururu.

Shemeji yangu, kwa taarifa yenu, amepanga. Nimempelekea watoto watatu wa mshubiri waliokaushwa vidonda, akawapanda kwenye beseni la kufulia lililopasuka karibu na mlango wa jikoni. Lakini shemeji ni shemeji. Ana kiwanja cha kununua kwa awamu huko nje ya mji, kwa hiyo alitaka na mche wa mwarobaini "uanze kusubiri". Nikampa mmoja kwenye kiriba kikubwa. Nimemwelekeza akiinue kila Jumamosi atazame chini. Mzizi ukitokeza, asiukate na asiuache ujichimbie uani kwa watu. Auhamishie kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa. Humo una mwaka mmoja hivi kabla mizizi haijaanza kujizungusha, na yeye amebakiza awamu mbili.